Kilo Arobaini na Moja

Diski ya pili ilikufa Jumanne, saa nne na robo asubuhi,
mnada ukiwa Ijumaa.
Haikulia. Ilikohoa mara tatu
kama mtu aliyetaka kusema neno kikaoni
akaghairi,
kisha skrini ya karani Nampota ikawa nyeusi
na magunia yote ya Tandahimba yakakosa wenyewe.

Ya kwanza ilishakufa Agosti.
Hilo nalijua mimi tu.

Diski nne zilipangwa zibebane:
mmoja akianguka, watatu wanakumbuka alichobeba.
Wakianguka wawili, hakuna wa kumuuliza mwenzie.
Nilimweleza mwenyekiti hivyo hivyo. Akaniuliza,
"Kwa hiyo korosho zimeoza au hazijaoza?"
Nakala je?
"Nakala ipo," akasema. "Ipo humo humo."

Nikafungua kasha. Salfa.
Ghala la dawa limepakana na chumba cha seva,
ukuta haufiki dari,
na msimu mzima wa kupulizia
ule unga wa njano ulikuwa ukivuka usiku, taratibu,
ukitua kwenye meno ya shaba, ukiyala.
Kinachomponya mkorosho ubwiri
kimetula sisi kumbukumbu.

Kanuni ya kwanza: usiandike kitu.
Usishone juu ya kidonda usichokiona.
Nakili kwanza, tone kwa tone;
panaposomeka pita, pasiposomeka ruka,
utarudi baadaye, kukipoa,
na ukirudi usilazimishe.
Jenereta ilizima mara mbili. Mara zote mbili
nilishika diski kwa kiganja gizani
kama unavyopima homa ya mtoto.

Usiku wa pili faili zikaanza kurudi.
Elfu sita, mia mbili na kitu,
bila saraka, bila majina,
kila moja na namba mgongoni.
Kilo ipo. Gredi ipo. Tarehe ipo.
Mtu hayupo.

Nikawakumbuka wanetu wanaotoka jandoni:
wamenyolewa, wamepakwa mafuta, nguo mpya,
jina la zamani limebaki porini
na ole wako uliite.
Lakini wale mama zao wamejipanga njiani na vigelegele.
Hizi nani atazipokea?

Alhamisi Nampota akapeleka mbiu: mwenye stakabadhi alete.
Zikaja kwenye pindo za kanga,
zikaja zimekunjwa ndani ya kadi ya kliniki,
moja imechanika katikati, nusu nyingine anayo shemeji,
na shemeji hawasemezani.
Bi Asumini Nanjota hakuleta karatasi.
Alisimama mlangoni:
"Mia tatu na kumi na mbili. Tarehe nne. Kulinyesha.
Mpimaji alivaa shati la mistari."
Nikatafuta.
Mia tatu na kumi na mbili. Tarehe nne.
Mvua na shati hatukuwa na mahali pa kuviandika.

Tukakesha tunaoanisha, namba na jina, namba na jina,
Nampota akisoma kwa sauti iliyokauka,
mimi nikiandika kwenye diski mpya,
hadi adhana ya alfajiri.

Ikabaki moja.
Kilo arobaini na moja, gredi ya pili, tarehe kumi na moja.
Tumeita Luagala, tumeita Mahuta.
Hakuna aliyeitika.
Mwenyekiti kasema, "Ifute, hesabu zifunge."

Basi niseme.
Agosti ile, taa ndogo ya njano ilianza kupepesa
na kengele yake ikalia, pii, pii, usiku kucha,
hadi mlinzi Chitopela akaja kunigongea.
Nilizima kengele.
Taa nikaibandika plasta, ile ya kidonda,
nikasema kesho.

Leo nimeibandua.
Chini yake ilikuwa bado inapepesa
vile vile, bila kinyongo,
kama ilivyopepesa siku zote zile ikiniita.

Ile faili sijaifuta.
Nimeipa jina la kushikia tu:
Yuko Njiani.